Usaili wa umeneja wa uajiri: maswali yanayoulizwa na jinsi ya kuyajibu

Aliyezoea kusaili wengine huharibu usaili wake mwenyewe kirahisi sana. Maswali anayajua, kwa hiyo hajiandai. Akiketi upande wa pili wa meza anajibu kama ofisa uajiri hodari, wakati jopo linatafuta meneja. Kinyozi hajinyoi.

Ofisa uajiri hupimwa kwa nafasi alizojaza yeye. Meneja hupimwa kwa nafasi walizojaza wengine, kwa bajeti, kwa muda wa wakuu wa idara ambao hana mamlaka ya kuwaamrisha, na kwa mchakato unaokwenda sawa hata siku asipokuwepo ofisini. Kila jibu lipitishe kwenye chujio hilo kabla halijatoka mdomoni. "Nilituma ujumbe mia mbili nikampata mhandisi" ni jibu la ofisa. Jibu la meneja ni hili: maofisa wawili walikuwa wanatuma ujumbe mia mbili kwa kila nafasi, tukapitia waliojibu tukaona karibu wote ni watu wa kada ya kati, tukaacha kuwasumbua wa juu, ujumbe ukapungua na waliofika kwenye usaili wakaongezeka. Kazi ni ileile, ila hapa inaonekana nani aliiongoza.

Hatua utakazopitia

Taasisi nyingi zina hatua nne au tano. Ya kwanza ni simu ya dakika 20 hadi 30, ambayo mara nyingi hupigwa na ofisa ambaye huenda akawa chini yako ukipata kazi. Usimjibu kwa haraka ya mtu anayemsubiri mkubwa. Hufuata mkuu wa rasilimali watu, kisha wakuu wa idara wawili au watatu, kisha kazi ya vitendo: uwasilishaji, hesabu ya mpango wa ajira, au usaili wa maigizo. Mwisho unaweza kukutanishwa na timu yenyewe. Wengi hulegea katika kikao hiki wakidhani ni cha kusalimiana. Maofisa wakirudi na neno kwamba "hakutuuliza lolote kuhusu kazi yetu", alama hizo hazirudi.

Takwimu zako

Siku mbili kabla ya usaili andika ukurasa mmoja: nafasi ulizosimamia kwa mwaka, ukubwa wa timu, nafasi alizobeba kila ofisa kwa wakati mmoja, siku za kujaza nafasi, kiwango cha ofa zilizokubaliwa, gharama kwa kila aliyeajiriwa, na wangapi waliondoka kabla ya mwaka kuisha. Kama huna namba kamili, sema ni makadirio na ueleze umekadiriaje. Namba ya kubuni hugundulika kwa swali la pili tu: "Mlihesabu kuanzia lini?"

Swali hilo huulizwa kweli, na sababu yake ni kwamba vipimo viwili huchanganywa kila siku. Siku za kujaza nafasi huanza pale ombi la nafasi lilipoidhinishwa (wengine huanza na siku ya tangazo, kwa hiyo taja wewe ulianzia wapi) hadi mtu alipokubali ofa. Siku za kumwajiri mtu huanza siku mwombaji huyo alipoingia kwenye mchakato. Kipimo cha kwanza kinabeba ucheleweshaji wa kila mtu, pamoja na saini zilizokaa mezani kwa mkubwa. Cha pili kinaonyesha mwendo wa mchakato kwa mwombaji mmoja. Ukisema umepunguza siku kutoka 60 hadi 25 bila kutaja ni kipimo kipi, msaili makini atajua umelinganisha embe na nazi.

Angalia pia wastani. Nafasi kumi zikijazwa kwa siku 30 kila moja na ya kumi na moja ikachukua siku 200, wastani unakuwa siku 45 na ushee, ingawa hakuna nafasi hata moja iliyochukua siku 45. Zipange kwa mfuatano uchukue ile ya katikati: 30. Kisha ile ya siku 200 izungumzie peke yake, maana ndiyo yenye somo.

Gharama kwa kila aliyeajiriwa ni jumla ya gharama za ndani na za nje kugawanya kwa idadi ya walioajiriwa; mwaka 2012 SHRM, chama cha wataalamu wa rasilimali watu cha Marekani, kilitoa kiwango rasmi cha hesabu hiyo. Kosa la kawaida ni kuhesabu matangazo na ada za mawakala tu, ukasahau mishahara ya maofisa na saa za wasaili.

Swali la hesabu

Hili ndilo huwatenga wagombea. Hutolewa hivi: "Tunataka watu 48 wawe wameanza kazi ndani ya miezi sita. Una maofisa watatu. Utafanyaje?"

Usianze kukokotoa. Uliza kwanza mambo matatu: nafasi hizo ni za aina ngapi, zote zimeshaidhinishwa na kuwekewa bajeti, na wako wasaili wangapi. Halafu hesabu kwa kurudi nyuma, kwa sauti, ukiandika ubaoni au kwenye karatasi. Wasipokupa viwango, weka vyako na useme ni vya kukisia.

Tuchukue kwamba ofa nane kati ya kumi hukubaliwa: watu 48 wanahitaji ofa 60. Mmoja kati ya watatu wanaofika usaili wa mwisho hupewa ofa: hapo ni 180. Nusu ya waliofanya usaili wa kwanza hufika wa mwisho: 360. Nusu ya waliopigiwa simu ya mchujo hufika usaili wa kwanza: simu 720.

Sasa muda. Miezi sita ni wiki 26. Toa wiki 4 za notisi, kwa sababu aliyekubali leo hataanza kesho. Toa 2 za kukubaliana vigezo na kuandika matangazo. Toa 4 za safari ya mwombaji wa mwisho kutoka simu hadi saini. Zinabaki 16. Simu 720 kwa wiki 16 ni 45 kwa wiki, yaani 15 kwa kila ofisa. Inawezekana.

Wagombea wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza, na ugumu ulikuwa bado. Hesabu saa za wasaili: usaili wa kwanza 360, msaili mmoja, saa moja, ni saa 360. Usaili wa mwisho 180 wenye jopo la watu watatu ni saa 540. Jumla 900, sawa na saa 56 kwa wiki. Kama wakuu wa idara wanaosaili ni sita, kila mmoja atatoa zaidi ya saa tisa kila wiki kwa miezi minne. Hawatatoa. Kwa hiyo kikwazo cha mpango huu ni kalenda za wakuu wa idara, na kuongeza ofisa wa nne hakutaongeza hata mtu mmoja. Ukilisema hilo mbele ya jopo, mazungumzo hubadilika, kwa sababu huenda mmoja wao ndiye huwa anaahirisha usaili.

Suluhisho lizae humohumo kwenye hesabu: fundisha wasaili wengine kumi, punguza jopo la mwisho liwe la wawili, kaza mchujo wa simu ili theluthi moja tu ndiyo iende usaili wa kwanza, na waliobaki wawe na nguvu zaidi, nafasi zinazofanana zisailiwe kwa siku moja. Kila pendekezo lieleze linaokoa saa ngapi. Jopo la watu wawili peke yake linaokoa saa 180.

Mkuu wa idara asiyeridhika

"Mkuu wa idara amekataa wagombea wanane mfululizo. Unafanya nini?" Jibu dhaifu ni "nitajenga uhusiano mzuri naye". Hakuna msaili anayeweza kuipa sentensi hiyo alama, kwa kuwa haina kitendo ndani yake.

Eleza kikao chenyewe. Unakwenda na wasifu tatu kati ya nane zilizokataliwa, unaziweka mezani, unauliza kila mmoja alipungukiwa nini, na unaandika kwa maneno yake mwenyewe. Mara nyingi hapo hutokea moja kati ya mambo matatu. Kwanza, kuna kigezo ambacho hakikuandikwa popote. Kwa mfano anataka mtu aliyewahi kukabiliana na wateja wenye hasira, na tangazo halikusema. Pili, vigezo vyake haviuziki kwa mshahara uliopo. Tatu, hana haja ya kuajiri sasa na anaona aibu kusema. Kila moja lina tiba yake: la kwanza unaandika upya vigezo, vitatu vya lazima na viwili vya ziada, la pili unampelekea wasifu tano za watu halisi walio ndani ya bajeti ili achague, ama aombe bajeti iongezwe, la tatu unasimamisha nafasi kwa maandishi, na siku zake hazihesabiwi kwa timu yako. Malizia na makubaliano: maoni yarudi ndani ya siku mbili za kazi, zikipita mwombaji anaarifiwa kuhusu ucheleweshaji.

Ofisa asiyefikisha malengo

Wasaili wanataka kuona kama unachunguza kabla ya kuhukumu. Angalia mtiririko wa waombaji wake unakatikia wapi. Kama wanaopita simu yake wanaanguka usaili wa kwanza, hajavielewa vigezo. Kama wanafika mwisho kisha wanakataa ofa, hazungumzii mshahara na sababu za kuhama mapema. Kama waombaji ni wachache tangu mwanzo, tatizo liko kwenye utafutaji, au amebebeshwa nafasi nne ngumu wakati mwenzake ana nyepesi sita. Sema ungesikiliza simu zake mbili kwa ruhusa ya waombaji, ungekaa naye kila wiki kwa wiki nne ukiangalia kipimo kimoja tu, na ungechukua hatua gani kama baada ya hapo hakuna badiliko. Ukiiacha sehemu hiyo ya mwisho, jopo litadhani huwezi kumuondoa mtu. Ukianza nayo, litadhani huwezi kumlea.

Usaili wa maigizo

Unaweza kupewa dakika 20 umsaili mtu anayejifanya mwombaji, jopo likikutazama. Anzisha kwa kumweleza muda, utaratibu na kwamba utaandika. Uliza swali moja la tukio lililopita kisha uchimbe. Kwa mfano: "Nieleze mara ya mwisho ulipolazimika kutoa taarifa mbaya kwa mteja." Akijibu "huwa tunawapigia", mrudishe kwa upole: "Hiyo moja, ulimwambia nini?" Neno "huwa" ni dalili kwamba anakupa desturi na si tukio, na "tunawapigia" inaficha nani alipiga. Wasaili wanaokutazama wanasubiri uyakamate maneno hayo mawili.

Uwe na fomu ya alama yenye maelezo, hata ukiichora kwa kalamu. Kwa swali hilo: alama 1 ni hakuna tukio mahususi; 3 ni kuna tukio na hatua alizochukua, ila matokeo hayako wazi; 5 ni tukio, hatua zake binafsi, matokeo na alichobadilisha baadaye. Wanaopoteza alama ni wanaozungumza zaidi ya mwombaji, wanaouliza maswali yenye jibu ndani yake ("wewe ni mtu wa timu, siyo?"), na wanaogusa ndoa, ujauzito, dini au afya ili "kuchangamsha mazungumzo". Hilo la mwisho linaweza kukutoa moja kwa moja.

Ukiulizwa kwa nini usaili uwe na utaratibu wa maswali na alama zilezile kwa kila mtu, jibu lina ushahidi. Uchambuzi wa Sackett na wenzake wa mwaka 2022 ulikadiria uhusiano kati ya usaili wa utaratibu na utendaji kazini kuwa 0.42 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), na usaili wa kupiga soga tu kuwa 0.19. Uchambuzi wa Schmidt na Hunter wa mwaka 1998 ulikuwa na namba za juu zaidi, 0.51 na 0.38. Tofauti hiyo inafaa kuitaja: inaonyesha umesoma baada ya 1998, jambo ambalo wengi katika fani hii hawajafanya.

Haki katika mchujo

Swali huja hivi: "Utajuaje kama mchujo wetu unawabagua watu?" Toa njia ya kupima. Mwaka 1978 Marekani iliweka kanuni ya nne kwa tano: kiwango cha kupita cha kundi moja kikiwa chini ya asilimia 80 ya kile cha kundi lililofaulu zaidi, hatua hiyo inahitaji kuchunguzwa. Kwa mfano, wanaume 100 wameomba wakapita 40; wanawake 50 wameomba wakapita 12. Viwango ni asilimia 40 na 24, na 24 kugawanya kwa 40 ni 0.6. Hapo kuna la kuangalia. Ongeza tahadhari kwamba kwa idadi ndogo namba huyumba, na kwamba kipimo hicho kinaonyesha mahali pa kuchimba tu. Sababu bado utaitafuta. Sheria za nchi unakoombea kazi zisome mwenyewe kabla ya kwenda.

Hapa huingia pia swali la akili mnemba. Anayesema ataitumia kila mahali na anayesema hataigusa wote hupata alama za chini. Tenganisha kazi: kupanga ratiba na kuandika rasimu ya tangazo, sawa, kumkataa mwombaji bila binadamu kuangalia, hapana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeiweka mifumo ya kuchuja waombaji katika kundi la hatari kubwa, na jiji la New York lilianza Julai 2023 kutekeleza sheria inayodai mifumo ya aina hiyo ikaguliwe kama ina upendeleo. Huhitaji kukariri vifungu. Inatosha kujua swali la kumuuliza muuzaji wa mfumo: umekaguliwa na nani, lini, na matokeo yako wapi?

Maswali ya mtego

"Mkurugenzi amekuletea wasifu wa ndugu yake." Anaingia kwenye mchakato uleule, kwa fomu ileile, mkurugenzi hakai kwenye jopo, na uhusiano unaandikwa. Usihutubie kuhusu maadili, taja hatua.

"Ajira zimesimamishwa. Watu wako watano wafanye nini?" Kusafisha kanzidata ya waombaji, kufundisha wasaili, kusaidia uhamisho wa ndani, kuandika upya maelezo ya nafasi za kazi. Halafu useme ukweli mchungu: kazi hizo ni za miezi mitatu kwa watu watano, si za mwaka mzima, na ungelileta suala hilo kwa mkubwa wako kabla hajakuuliza.

"Tupe mfano wa mtu uliyemwajiri akashindwa." Kila aliyeajiri anaye. Eleza dalili gani ilikuwepo kwenye usaili ukaipuuza, na ni kitu gani kilibadilishwa kwenye fomu au maswali baada ya hapo. Jina la mtu, mshahara wake na jina la mteja visikutoke. Jopo linapima pia kama utatunza siri zake.

"Siku zako 90 za kwanza?" Epuka kuahidi mfumo mpya wa kompyuta mwezi wa kwanza, kwani hujui hata kama tatizo ni mfumo. Mwezi wa kwanza kaa kwenye usaili bila kuuliza, soma nafasi zote zilizo wazi kwa zaidi ya siku 90, zungumza na waliokataa ofa. Wa pili rekebisha kitu kimoja kinachoonekana, kama muda wa kurudisha maoni. Wa tatu leta mpango wa mwaka wenye namba.

Uwasilishaji ukipewa dakika 10, tengeneza kurasa tano, usizidishe. Maswali ndiyo yenye alama nyingi, na anayekula muda wote kwa picha hubaki bila nafasi ya kujibu.

Yako ya kuuliza

Uliza nafasi ngapi zimepita siku 90. Ofisa mmoja amebeba ngapi sasa. Nani ana neno la mwisho juu ya mshahara ofa inapokwama. Idara ipi huchelewesha maoni. Na aliyekuwepo kwenye nafasi hii amekwenda wapi. Wakinyamaza kwenye la mwisho, hilo nalo ni jibu. Kuhusu mshahara, waombe wataje kiwango chao kwanza, kwa sababu kukiweka wazi ndicho utakachowashauri kwa waombaji wao. Wakisisitiza, taja kiwango chenye chini na juu, na ile ya chini iwe namba ambayo kweli utaikubali.

Wadhamini waandae watatu wa aina tofauti: mkubwa wako, mkuu wa idara uliyemhudumia, na ofisa uliyemwongoza. Wapigie kabla ya kuwataja, uwaambie ni nafasi gani na ni mfano upi uliutoa kwenye usaili, maana mdhamini akiulizwa kuhusu mradi ule uliojisifia na akasema ndiyo kwanza anausikia, ofa inaweza kuishia hapo.